Gitaa lina mlio wa "zzzz" kwenye rekodi? Chomoa chaja

Ukichomeka gitaa la umeme kwenye intafesi ya USB (kisanduku kinachounganisha gitaa na kompyuta) ukasikia mlio mwembamba wa "zzzz" nyuma ya muziki, usikimbilie kununua kebo mpya (mimi nilishanunua mbili, hasara tupu). Chomoa chaja ya laptopu, rekodi kwa betri. Chaja huwasha na kuzima umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na kelele za kazi hiyo hupenya kwenye waya wa USB hadi kwenye sauti yako, hasa kama soketi ya ukutani haina ethi (waya wa kwenda ardhini). Dalili mojawapo: ukipitisha kidole taratibu juu ya nyuzi, unahisi kama kinatekenywa.

Kuchomoa chaja hakusaidii kama mlio ni mzito, "mmmm", na unapanda au kushuka ukigeuka na gitaa. Huo ni umeme wa nyumba, hezi 50, unaodakwa na pikapu (vinasa sauti vya sumaku chini ya nyuzi) za koili moja. Hapo zima taa za tyubu, kaa mbali na ampu (kikuza sauti cha gitaa), kisha zungusha kiti polepole mpaka upate upande uliotulia. Kwangu ni kutazama mlango wa choo, basi.