Nakala za akiba kwenye NAS ya nyumbani, Lubumbashi: umeme ukikatika katikati, kazi isiharibike

Anayenunua NAS, yaani lile boksi lenye diski mbili au zaidi linalokaa kando ya ruta, mara nyingi hudhani nakala za akiba zimo tayari. Hazimo. Diski mbili zilizofungwa kwa RAID 1, yaani kila kitu kikiandikwa kwenye zote mbili kwa pamoja, zinakukinga diski moja ikifa, basi. Ukifuta folda kwa kupitiwa, imefutika kote kuwili papo hapo. Virusi vikifunga mafaili, vimefunga kote kuwili. Unachohitaji ni nakala nyingine yenye historia ya siku zilizopita, tena kompyuta yako isiwe na uwezo wa kuifuta.

Tutatumia restic, programu ya kutuma nakala, upande wa kompyuta, na rest-server, programu ya kuzipokea, upande wa NAS. Zote ni za bure. Kwa Lubumbashi sifa yao kubwa ni kwamba SNEL, kampuni ya umeme, ikikata katikati ya kazi, ghala la nakala haliharibiki. restic hutuma kwanza vipande vya data, na mwisho kabisa ndipo huandika kwamba nakala imekamilika. Ikikatishwa, nakala ya jana iko palepale, na vipande vilivyokwisha kuorodheshwa havitumwi tena. Programu zinazotengeneza faili moja kubwa la zip huanza upya kila zikikatishwa. Kwenye mtaa wenye delestaji, yaani umeme kukatwa kwa zamu, kila jioni, wiki inaweza kupita bila nakala hata moja kukamilika.

Umeme kabla ya programu

NAS ya diski mbili hutumia wati 15 hadi 25 hivi ikiwa kazini, na ruta kama 10. UPS ya VA 650, lile boksi la betri la kushikilia umeme ukikatika ambalo mafundi wa mjini huliita onduleur, inatosha na kubaki. Ila angalia nyuma yake kabla ya kulipa: kama haina tundu la USB la kuunganishia kompyuta, iache dukani. Bila waya huo NAS haijui kwamba umeme umeondoka; betri ikiisha inazimika ghafla, kama vile hukununua kitu.

Ukishaunganisha, ingia kwenye mipangilio ya NAS, washa sehemu ya UPS, na uiagize ijizime dakika 5 baada ya umeme kukatika. Usiisubirishe hadi betri ikaribie kwisha. Umeme wetu una tabia ya kurudi dakika 10 kisha kuondoka tena, na betri ya risasi huhitaji saa kadhaa kujaa. Mkato wa pili utaikuta haina nguvu hata ya kuizima NAS taratibu. Jaribu siku ambayo hakuna kazi inayoendelea: chomoa UPS ukutani, kaa na saa, uone kama NAS inazimika yenyewe. UPS ikianza kulia na kufa baada ya dakika moja, usiitupe. Kwa kawaida ndani mna betri ya volti 12 yenye Ah 7 au 9, inauzwa peke yake.

Jenereta ndogo ni shida nyingine. Mwendo wake ukiyumba, UPS nyingi hukataa umeme huo na kurukaruka kati ya betri na jenereta mpaka betri iishe. Nakala inaweza kusubiri umeme wa kweli.

Wakati wa mvua, Novemba hadi Machi, ngurumo zikikaribia chomoa na waya wa mtandao unaotoka kwenye antena ya nje, si plagi pekee. Radi huingia kwa waya huo na kuunguza ruta na NAS pamoja, huku UPS iko salama pembeni.

Kufunga rest-server

NAS lazima iweze kuendesha makontena, yaani programu zilizofungashwa na kila kinachohitajika ili ziendeshwe peke yake. Kwenye Synology yenye DSM 7.2 programu yake inaitwa Container Manager. Baadhi ya NAS za bei ya chini hazina, kwa hiyo hakikisha kabla ya kununua. Kama yako haiwezi, restic inafanya kazi kwa SFTP pia, njia ya kawaida ya kutuma mafaili, ila unapoteza kinga ya kutofutwa.

Tengeneza folda `akiba` ambayo haionekani kwenye mtandao wa Windows. Kisha, kwenye dirisha la amri la NAS, ukiwa na ruhusa za msimamizi:

`docker run -d --name rest_server --restart unless-stopped -p 8000:8000 -v /volume1/akiba:/data -e OPTIONS="--append-only --private-repos" restic/rest-server`

`docker exec -it rest_server create_user kazi`

Njia ya `/volume1` ni ya Synology. Kwingine tazama jina la diski yako. Moyo wa amri hii ni `--append-only`: kompyuta inaruhusiwa kuongeza nakala, hairuhusiwi kufuta za zamani. Virusi vikiiteka kompyuta na kupata nenosiri, bado haviwezi kufuta nakala za wiki iliyopita. `--private-repos` humfungia kila mtumiaji kwenye folda yenye jina lake.

Ipe NAS anwani isiyobadilika kwenye ruta, tuseme 192.168.1.50. Usifungue mlango wa 8000 kuelekea intaneti, hata kwa siku moja. Mwaka 2022 virusi vya DeadBolt vilifunga mafaili kwenye NAS nyingi za QNAP zilizokuwa zimeachwa wazi kwenye intaneti.

Nakala ya kwanza

Kwenye kompyuta, mara moja tu:

`restic -r rest:http://kazi:SIRI@192.168.1.50:8000/kazi/ init`

SIRI ni nenosiri la mtumiaji uliyemtengeneza. restic itakudai nenosiri jingine, la ghala lenyewe. Hilo ndilo ufunguo wa kila kitu, maana data yote inafichwa kwa AES-256. Likipotea, hata waliotengeneza programu hawawezi kukusaidia. Liandike kwenye karatasi mbili, moja ikae nyumba nyingine. Lisikae ndani ya kompyuta hiyohiyo tu, kwa sababu siku utakayolihitaji ni siku ambayo kompyuta hiyo haipo.

Kisha:

`restic -r rest:http://kazi:SIRI@192.168.1.50:8000/kazi/ backup C:\Kazi D:\Picha --use-fs-snapshot`

Fungua dirisha la amri kama msimamizi, la sivyo `--use-fs-snapshot` itakataa. Bila hiyo, mafaili yaliyo wazi kama ya Outlook au ya programu ya uhasibu yanarukwa, au yanachukuliwa nusu.

Mara ya kwanza tumia waya. GB 500 kwa waya wa gigabiti, unaopitisha MB 110 hivi kwa sekunde, ni saa moja na robo kwa hesabu ya karatasi. Mara nyingi diski huchelewesha kidogo. Kwa Wi-Fi dhaifu ya MB 5 kwa sekunde ni saa 28, na sijui mtaa wa Katuba au Kampemba unaopata umeme saa 28 mfululizo. Siku zinazofuata huenda mabadiliko peke yake, kwa hiyo Wi-Fi inatosha.

Kuiendesha kila siku, tumia kipanga kazi cha Windows. Kwenye Windows ya Kifaransa kinaitwa Planificateur de tâches. Saa nane usiku ndiyo saa inayopendekezwa kila mahali, lakini huenda mtaa wako uko gizani saa hiyo. Chagua saa ambayo kwa kawaida umeme upo, kisha weka tiki kwenye chaguo la kuanzisha kazi mapema iwezekanavyo kama saa yake imepita.

Kinachokwama

Baada ya mkato, nakala mpya inaweza kupita vizuri ila kazi ya usafi, yaani kufuta nakala za zamani, ikakataa ikisema ghala limefungwa. Ni kufuli lililoachwa na kazi iliyokatishwa. Hakikisha hakuna kompyuta inayotuma, kisha tumia `restic unlock`, ukiweka `-r` na anwani ileile ya hapo juu.

Kosa la hatari zaidi halitoi ujumbe wowote. Kompyuta ya mezani ya zamani yenye betri ya CR2032 iliyokufa, ile ndogo ya duara inayotunza saa, husahau tarehe kila umeme ukikatika. Ikiwaka inadhani ni mwaka 2009, na restic inaandika nakala ya leo kwa tarehe hiyo. Ukija kufanya usafi, nakala yako mpya kabisa inaonekana ndiyo kuukuu kuliko zote, na inafutwa ya kwanza. Badilisha betri, na weka ukanda wa saa Africa/Lubumbashi, si Kinshasa, ambayo iko nyuma kwa saa moja.

Usafi unafanyika kwenye NAS yenyewe, kwa kuwa kompyuta tumeinyima ruhusa ya kufuta:

`docker run --rm -it -v /volume1/akiba/kazi:/repo restic/restic -r /repo forget --keep-daily 7 --keep-weekly 4 --keep-monthly 12 --prune --dry-run`

Soma orodha, angalia tarehe, na ukiridhika rudia bila `--dry-run`. Mara moja kwa mwezi inatosha. Kwenye NAS yenye GB 1 ya RAM kazi hii inaweza kufa njiani kwa kukosa RAM. Zima makontena mengine kwanza.

Siku hiyohiyo endesha `restic check --read-data-subset=5%`, inayosoma kweli sehemu ya data badala ya kutazama orodha tu. Kisha rudisha folda moja mahali papya kwa `restic restore latest --target C:\Jaribio --include` na jina la folda, ufungue picha mbili tatu kwa macho yako.

Nakala iliyo nje ya nyumba

Mwizi akibeba NAS, au nyumba ikiungua, yote hapo juu yameondoka. Kutuma kwenye intaneti kuna hesabu yake: GB 500 kwa kasi ya kupandisha ya megabiti 2 kwa sekunde ni siku 23 bila kupumzika, acha gharama ya forfait, yaani kifurushi cha intaneti. Tuma huko hati muhimu peke yake, na `--limit-upload 200` ili watu wengine nyumbani waweze kutumia mtandao. Namba hiyo ni kilobaiti kwa sekunde.

Mengine yote yabebe kwa miguu. Chukua diski ya USB iliyoandaliwa kwa ext4; exFAT haina daftari la kujirekebisha, na mkato mmoja katikati ya kuandika unaweza kuivuruga. Simamisha kontena, nakili folda ya `akiba` kwa rsync, programu ya kunakili mafaili, washa kontena tena, chomoa diski. Kama unakaa Katuba, diski ikae kwa ndugu Bel-Air au Kamalondo. Ukiwa na diski mbili zinazopokezana ni bora zaidi: unapopeleka moja ndipo unarudi na nyingine, na hakuna wakati zote mbili ziko chini ya paa lako. Andika tarehe kwenye kipande cha plasta ubandike juu ya diski, maana kwa nje zinafanana.