Redio inadanganya masafa au ni saundi kadi ya kompyuta inayopokea sauti yake? Ziseti hivi

Kwanza washa redio uiache ipate moto kama nusu saa hivi, ikiwa baridi masafa yanatembea tu na utajisumbua bure. Watu wengi wanakimbilia kurekebisha redio kumbe kosa liko kwenye saundi kadi, so anza na kadi.

Tafuta WWV, stesheni ya Marekani inayorusha masafa sahihi ya kupimia, kwenye 10 MHz, weka AM, fungua programu ya wotafoli (inayochora masafa ya sauti kwenye skrini) usubiri ule mlio wa 600 Hz (dakika nyingine ni 500). Kwenye AM redio ikikosea kidogo mlio haubadiliki, kwa hiyo ukisoma 600.06 hiyo ni kadi yako, inazidisha kwa 100 ppm (sehemu 100 kwa milioni), kamuambie programu sampuli kwa sekunde ni 47995.2 badala ya 48000.

Sasa ndo redio. Hamia USB (modi ya upande wa juu, siyo ile waya), daili iwe 9.999 MHz, keria, yaani wimbi lenyewe la WWV, inatakiwa isikike 1000 Hz kamili. Ukipata 1004 basi redio iko chini kwa 4 Hz, yaani 0.4 ppm, irekebishe kwenye menyu. Usiku anga hutikisa masafa kidogo, mi napima mchana, mara tatu nne hivi.