Fee, fare, rent, toll: lipi ni lipi unapoandika malipo kwa Kiingereza

Ukiandika risiti, mkataba wa kupanga au barua ya shule kwa Kiingereza, neno linalokuja haraka ni fee. Wengi hulibandika kila penye hela ya kutoa: fee ya basi, fee ya nyumba, fee ya trafiki. Msomaji anaweza kukuelewa, ila kwenye mkataba au madai ya kurudishiwa fedha kazini hilo halitoshi. Kila malipo yana jina lake, na jina hilo ndilo linalosema umelipia nini.

Fee ni malipo ya huduma ya mtaalamu au taasisi, au ya ruhusa ya kuingia na kujiunga. Wakili, daktari, chuo, chama, ofisi ya usajili, wote hutoza fee. Kipimo rahisi: mahali ambapo kwa Kiswahili ungesema ada au kiingilio, fee itakaa sawa. Registration fee, membership fee, entrance fee. Za shule huandikwa kwa wingi, na kitenzi kiufuate wingi huo: School fees are paid in four instalments. "School fees is" ni kosa. Malipo ya mara moja hubaki umoja: The application fee is 20,000 shillings.

Hapo hapo kuna mtego wa tuition. Dar ukisema tuisheni, kila mtu anajua ni masomo ya ziada ya jioni au ya likizo. Mmarekani akisoma I paid my son's tuition ataelewa kwamba umemlipia ada yenyewe ya shule au chuo. Masomo ya ziada yaandike extra lessons au private tutoring. Na elimu bila ada, iliyoanza 2016, kwa Kiingereza iite fee-free education. Ukiandika free education tu, msomaji wa nje atadhani hata sare na madaftari mzazi hanunui.

Fare ni nauli, na ni ya kumsafirisha mtu. Daladala, mwendokasi, treni ya SGR, bajaji, yote ni fare: How much is the fare to Kariakoo? Gunia la mchele linalopakiwa kwenye basi la mkoani halilipiwi fare. Hilo ni freight, au useme tu transport charge. Angalia tahajia pia, maana fare na fair hutamkwa sawa. Bus fair ni maonyesho ya mabasi. Fair ni neno lile lile la Sabasaba, trade fair.

Ukienda Kigamboni utakutana na maneno mawili kwa maji yale yale. Abiria anayepanda kivuko pale Magogoni analipa fare, kwa sababu anasafirishwa. Mwenye gari anayepita Daraja la Nyerere, lililofunguliwa 2016, anatozwa toll, yaani malipo ya kutumia njia au daraja kwa chombo chake mwenyewe. Ila usidhani kila tozo ni toll kwa kuwa maneno yanafanana. Tozo ya miamala ya simu iliyoleta kelele 2021 kwa Kiingereza ni levy, kwa sababu ilikuwa ya serikali na haikuhusu barabara.

Neno gumu kuliko yote ni kodi. Kiswahili kimetupa neno moja kwa fedha ya mwenye nyumba na fedha ya serikali, Kiingereza kinazitenganisha kabisa. Ya mwenye nyumba ni rent, ya Mamlaka ya Mapato (TRA) ni tax. Mpangaji wa Sinza anayeandika I pay house tax every six months amesema kitu kingine: msomaji ataelewa kuwa nyumba ni yake na analipa kodi ya jengo, ile ambayo tangu 2021 hukatwa mtu akinunua umeme wa LUKU. Hiyo ya jengo ni property tax. Sentensi ya mpangaji ni I pay rent every six months. Mwenye nyumba akitaka miezi sita kwa mkupuo, mkataba useme six months' rent in advance, na alama ile ya juu ikae baada ya s. Advance isichanganywe na deposit: deposit ni fedha ya dhamana inayotakiwa kurudi mpangaji akihama bila kuharibu kitu. Ukiandika deposit wakati mmekubaliana kodi ya mbele, umejipa au umempa mwenzako haki ambayo hamkukusudia. Kodi zote mbili zikikutana, kama kampuni inapomkata mwenye nyumba kodi ya zuio, yaani kodi ya serikali inayokatwa kabla hajalipwa, kutoka kwenye kodi ya pango, andika withholding tax on rent. Kwa Kiingereza sentensi hiyo haina utata. Kwa Kiswahili ndipo inabidi ujieleze.

Faini ni fine, haina maneno mengi. Isiwe fee tu, maana fee haina kosa ndani yake.

Charge ni neno la kukimbilia pale ambapo mengine hayakai: makato ya benki ni bank charges, kupelekewa mzigo nyumbani ni delivery charge, bure ni free of charge. Lakini charge pia ni shtaka, kwa hiyo He paid the charges, kwenye barua inayohusu polisi, itamchanganya msomaji. Taja charge gani.

Bei ya bidhaa ni price, na bei haiwi expensive. Kitu ndicho expensive. Price huwa high au low. The price is high, the phone is expensive. Gharama ya kufanya jambo ni cost: cost ya kujenga ukuta hujumlisha saruji, mchanga na fundi, wakati price ni ya mfuko mmoja wa saruji dukani.

Kitenzi nacho kina kanuni, na anayejua Kiswahili anaanza na faida. Lipa ni pay, lipia ni pay for. Unalipa nauli, unalipia safari: pay the fare, pay for the trip. Unalipa kodi, unalipia chumba: pay the rent, pay for the room. Tatizo ni kwamba mtaani watu husema pia "nimelipia ada", na ukiihamisha hivyo itatoka I paid for the school fees, ambayo kwa masikio ya Kiingereza ina for ya ziada. Kikitajwa kiasi au jina la malipo yenyewe, for iondoke. Kikitajwa kitu ulichopata, irudi: I paid 50,000 shillings for the bed.