Somo: Umeme wa akiba kwa nyumba ya kijijini

Wengi mnauliza kwa nini sisi wa Kiryandongo, majirani wa bwawa la Karuma lenye megawati 600, bado tunalala gizani kila mvua ikipiga. Bwawa halina kosa. Uganda inaweza kuzalisha umeme mwingi kuliko inaoutumia. Tatizo liko njiani: nguzo iliyooza, tawi la mwembe juu ya waya, transfoma iliyopigwa na radi. Mwaka 2025 usambazaji ulitoka mikononi mwa kampuni iitwayo Umeme ukaenda UEDCL, shirika la serikali, lakini nguzo ni zilezile. Kwa hiyo tujipange wenyewe, kwa betri na paneli ya sola.

Hatua ya 1: Kalamu na karatasi
Usianzie dukani. Andika kila kifaa unachotaka kiwake umeme ukikatika, wati zake na saa zake, kisha zidisha. Chukua nyumba ya kawaida: balbu 4 za wati 7 kwa saa 5 ni 140. Televisheni ya wati 40 kwa saa 4 ni 160. Dekoda ya wati 15 kwa saa 4 ni 60. Simu nne, weka 40. Jumla ni wati-saa 400 kwa usiku mmoja.

Pasi na birika la umeme vifute kabisa. Pasi ya wati 1,000 ikiwaka nusu saa imekula 500, zaidi ya nyumba nzima usiku kucha. Mkaa upo.

Hatua ya 2: Betri
Hapa ndipo pesa za watu hupotea. Betri ya volti 12, ampea-saa 100, ina wati-saa 1,200 kwa hesabu. Ikiwa ni ya asidi, tumia nusu tu, yaani 600. Ukiikausha kila usiku itakufa mapema. Inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, nayo hula asilimia 10 hadi 15, hivyo zile 400 zako zinafika kama 460. Bado unabaki salama.

Betri ya gari usiiguse, hata shemeji akikupa bure. Imetengenezwa kusukuma injini kwa sekunde chache, haikutengenezwa kutoa polepole hadi alfajiri. Betri ya lithiamu ni ghali, lakini unaitumia hadi asilimia 80 na inadumu miaka mingi zaidi. Mwenye uwezo aende huko moja kwa moja.

Hatua ya 3: Paneli
Hesabu saa 4 za jua kali kwa siku. Kiangazi utapata zaidi. Paneli ya wati 200 kwa saa 4, ukitoa hasara ya vumbi, joto na waya, inakupa kama 560. Inatosha. Kontrola, kifaa kinachosimamia chaji kutoka paneli hadi betri, iwe ya ampea 20 au 30. Tuko karibu na Ikweta, kwa hiyo paneli ilale karibu bapa, kama digrii 10, mvua ioshe vumbi. Adui mkubwa ni kivuli: kikifunika kona moja tu, umeme unashuka vibaya.

Hatua ya 4: Kuunganisha
Betri kwenye kontrola kwanza, paneli baadaye. Ukitoa, anza na paneli. Fyuzi ikae karibu kabisa na ncha chanya ya betri. Inveta ya wati 500 huvuta zaidi ya ampea 40 kwenye volti 12, kwa hiyo waya wake uwe mfupi na mnene, milimita za mraba 16 au zaidi. Betri ya asidi isikae chumba cha kulala. Inatoa gesi inayoshika moto.

Hatua ya 5: Swichi ya kubadilisha
Usichomeke inveta wala jenereta kwenye soketi ya ukuta ili ilishe nyumba. Umeme wako utapanda hadi kwenye nguzo na kumuua fundi anayeitengeneza. Weka swichi ya kubadilisha, inayounganisha nyumba na gridi au na umeme wako, si vyote kwa pamoja, ifungwe na fundi mwenye leseni.

Maswali

*Kigumba: Fundi, umeme ukienda, samaki wangu kwenye friji watakaa muda gani?*
Mama, usipofungua mlango, kama saa 4. Friza iliyojaa hushika baridi hadi saa 48, iliyojaa nusu, hadi saa 24. Chomoa friji mara umeme ukienda, na ukirudi subiri dakika chache ndipo uchomeke. Ule mshtuko wa kurudi ndio unaochoma kompresa.

*Masindi: Mvua ikinyesha naweza kuwasha jenereta stoo, dirisha likiwa wazi?*
Hapana, mzee wangu. Moshi wake una gesi isiyo na harufu inayoua watu usingizini. Ikae nje, mbali na madirisha, chini ya kipaa cha mabati kilicho wazi pande zote.

*Bweyale: Nitaijuaje paneli feki dukani?*
Ndugu, itoeni juani. Paneli ya volti 12 huonyesha kama volti 21 bila mzigo, lakini hata feki inaweza kufika hapo. Muulize muuzaji apime ampea: ya kweli ya wati 200 hukaribia ampea 11 jua likiwa kali. Akikataa kupima, nenda duka la pili.

*Karuma: Betri imepungua maji. Naweza kuongeza ya kisima?*
Hapana dada, yana chumvi. Hata ya mvua kutoka kwenye mabati usiweke. Nunua maji ya betri yaliyosafishwa, na usijaze hadi mdomoni.