Mkeka wa Kuandikia: Kuuchagua, Kuukata na Kuuzoea

Walimu wanaosahihisha, makarani wa korti, watahiniwa, na sisi tunaoandika majina kwenye vyeti na kadi za harusi, wote hununua kalamu baada ya kalamu tukitafuta ile itakayoteleza. Ni wachache wanaotazama kilicho chini ya karatasi. Meza nyingi za ofisi hapa Nairobi zimefunikwa kwa melamini au kioo, na karatasi moja iliyowekwa moja kwa moja juu ya kioo huandikika vibaya hata kwa kalamu bora.

Sababu iko kwenye ncha. Biro ya kawaida ina gololi ndogo sana, yenye kipenyo cha milimita 0.7 hivi au 1.0. Gololi hiyo huzungushwa na msuguano wake na karatasi, na inapozunguka ndipo inapotoa wino ulio ndani. Karatasi isipobonyea hata kidogo, gololi hugusa sehemu finyu mno, mara nyingine huteleza bila kuzunguka, na mstari hukatika. Mkono nao hujibu kwa kukandamiza. Kurasa chache baadaye kidole gumba kinauma na herufi zimeanza kulala ovyo. Asubuhi za Julai hali huzidi, kwa sababu wino wa biro ni wa mafuta na baridi huufanya uwe mzito.

Mkeka wa kuandikia, yaani kipande chembamba chenye ulaini kidogo kinachowekwa chini ya karatasi, huondoa sehemu kubwa ya shida hii. Lakini ulaini huo upimwe kwa kalamu, usipimwe kwa kiganja. Dukani watu huubonyeza mkeka kwa kidole gumba, kisha huchagua unaobonyea zaidi. Huo ndio utakaotoboa karatasi zao.

Hatua ya kwanza: anza na kalamu unayoitumia

Biro ndiyo inayofaidika zaidi na mkeka, kwa hiyo kama unaandika kwa biro tafuta wenye unene wa milimita 1.5 hadi 2. Kalamu ya jeli ina wino mwepesi unaotoka bila kukandamizwa. Inataka uso mgumu zaidi, na mkeka wa ngozi tupu unatosha. Kalamu ya kujaza wino ni ya kuhadhari. Ncha yake ya chuma ikizama kwenye karatasi iliyolegea hukwaruza, inaokota nyuzi za karatasi, na mistari inaanza kuwa minene pasipotakiwa. Penseli ya HB haina taabu, ila ya 2H, iliyo ngumu zaidi, juu ya kitu laini huchimba mtaro usiofutika.

Hatua ya pili: chagua malighafi

Chaguo langu la kwanza ni ngozi ya ng'ombe iliyo imara, upande laini ukiwa juu. Mafundi wa ngozi wa soko la Kariokor wanaijua vizuri. Mwambie fundi unataka kipande kisicho na makunyanzi, kisichonyumbuka kama cha mkoba, chenye unene sawa kutoka ukingo hadi ukingo. Pitisha kucha juu yake kabla ya kulipa: alama ikibaki, ngozi hiyo ni laini mno kwa kuandikia.

La pili ni sponji ngumu inayotengenezewa soli za ndala. Ichukue ile nyembamba, yenye matundu madogo yasiyoonekana kwa macho. Sponji ya godoro au ya kochi haifai kabisa, hata ikikatwa nyembamba.

Padi ya kipanya cha kompyuta inavutia kwa sababu ipo tayari mezani. Hapana. Mpira wake ni laini mno, na kitambaa chake kina mfumo wa nyuzi utakaouona ukijitokeza kwenye mistari yako kama mtetemo wa mkono.

Plastiki laini ya kufunikia meza inaandikika vizuri, na wengi wanaitumia, ila ina hila moja. Ukiacha fotokopi imelala juu yake, hasa pakiwa na joto, maandishi ya fotokopi hunata kwenye plastiki na kubanduka kutoka kwenye karatasi. Anayeshughulikia hati za watu asiitumie.

Hatua ya tatu: jaribu kabla ya kukata

Hapa usiharakishe. Chukua karatasi moja ya kawaida ya kuchapia, ile ya gramu 80 kwa mita mraba, na nyingine nyembamba kama ya daftari la mazoezi. Iweke kila moja peke yake juu ya mkeka, uandike mistari mitatu kwa nguvu yako ya kila siku. Usiurembe mwandiko. Kisha geuza karatasi na upitishe ncha ya kidole upande wa nyuma.

Ukihisi herufi kidogo tu, mkeka unafaa. Ukiweza kuyafuata maneno kwa kidole huku umefumba macho, ni laini mno. Usipohisi chochote na mstari bado unakatika, ni mgumu mno.

Jaribio la pili ni la nukta. Andika neno lenye "i" na "j" nyingi, mathalani "jijini", kwa haraka, kisha weka nukta kubwa mwishoni. Inua karatasi uitazame kwenye mwanga wa dirisha. Mwanga ukipenya kwenye nukta hata moja, rudisha mkeka huo. Nukta ndizo zinazotoboa kwanza kwa kuwa kalamu hushuka wima na nguvu yote hukusanyika mahali pamoja. Kwenye cheti cha mtu hilo ni tundu lisilozibika.

La mwisho, chora mstari mrefu wa kuviringa, bila kuinua kalamu, kutoka kushoto hadi kulia. Upana wake uwe mmoja mwanzo hadi mwisho.

Hatua ya nne: kata kwa ukubwa unaohitaji

Wengi hukata mkeka wa A4 kwa sababu karatasi yao ni A4. Ukifika mistari ya chini, kiganja kinadondoka nje ya mkeka na mwandiko unabadilika papo hapo. Kata A3, yaani milimita 297 kwa 420, upande mrefu ukielekea kwako, ili kiganja na sehemu ya mkono vilale kwenye usawa mmoja na karatasi. Tumia rula ya chuma na wembe mpya, ukipitisha mara kadhaa kwa wepesi badala ya mara moja kwa nguvu. Mwombe fundi akupunguzie ukingo wa upande wako uwe mteremko. Ukingo wima huuma mkono ukiandika saa nzima.

Kuhusu rangi, nyeupe au ya maziwa ni bora kwa wanaoandika kwenye karatasi isiyo na mistari. Unaweza kuweka karatasi iliyopigwa mistari mizito kati ya mkeka na ile unayoandikia, na mistari ikaonekana kwa chini. Kwenye mkeka mweusi karatasi nyembamba hugeuka kijivu na mistari hiyo hupotea.

Hatua ya tano: legeza mkono

Mkeka ukiwa mezani, kazi iliyobaki ni ya mkono wako, nayo ndiyo ndefu. Mkono uliozoea kioo utaendelea kukandamiza hata pasipo haja. Kila siku kabla ya kazi, jaza nusu ukurasa kwa herufi "l" na "o" zilizoungana, ukishika kalamu kwa wepesi kiasi kwamba mtu akiivuta itatoka vidoleni. Mwanzoni mistari itafifia. Iache ififie, kisha ongeza nguvu kidogo kidogo hadi wino utoke sawasawa, na usimame hapo hapo. Hiyo ndiyo nguvu yako halisi. Geuza ukurasa na uhakikishe kwa kidole kama ulivyofanya kwenye jaribio.

Nawasisitizia hili zaidi watahiniwa wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari hapa Kenya. Karatasi ya kwanza ya Kiswahili inataka insha mbili, kila moja isiyopungua maneno 400, kwa saa 1 na dakika 45, na mkono unaokandamiza huchoka kabla mawazo hayajaisha. Fanya mazoezi nyumbani kwenye mkeka mpaka mkono ulegee. Halafu uondoe mkeka, uweke karatasi nne au tano chini ya ile unayoandikia. Mwishowe andika juu ya meza tupu, kwa sababu chumba cha mtihani hakina mkeka wako. Kinachopaswa kuingia nawe humo ni ule wepesi.

Mahali pa kuuondoa mkeka

Ukiandika risiti au fomu yenye karatasi ya kaboni, ondoa mkeka. Nakala ya chini inahitaji kitu kigumu ili kaboni ikandamizwe. Juu ya mkeka nakala ya tatu hutoka hafifu, na mteja atarudi nayo akilalamika kwa haki. Daftari nene pia halihitaji mkeka, kurasa zake zinatosha, isipokuwa unapokaribia mwisho wake.

Kuutunza

Futa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, usiuloweshe. Usiuache kwenye jua la dirishani, ngozi hukauka na kujikunja pembeni. Usiukunje; ukisafiri nao, uviringe kwa ulegevu, uso wa kuandikia ukiwa nje. Ugeuze mwelekeo kila baada ya wiki kadhaa ili sehemu moja isilemewe. Siku utakapoona mitaro ya maandishi ya zamani isiyorudi, mistari yako itaanza kuyumba ikipita juu yake. Kata sehemu ya pembeni isiyo na mitaro, itoshe ukurasa wa daftari, umpe mtoto aitumie chini ya karatasi yake ya hesabu, nawe ununue kipande kipya.