Taa za nyuma na indiketa za LED kwenye gari ya zamani: anza na ethi na flasha, balbu ziwe za mwisho

Gari ninayoendesha ni Peugeot 504 saloon aliyoniachia mzee, zile zilizokuwa zikiungwa hapa hapa Kenya, na kazi yangu ya kila siku ni waya za magari huku Changamwe. Mwaka juzi usiku natoka Voi, nikapunguza mwendo kabla ya Mariakani, lori lililokuwa nyuma likanifikia karibu sana mpaka nikasikia breki zake za upepo zikilia, na pale kwenye mizani dereva akateremka akanifuata kwa adabu kabisa akaniambia ami, hizo breki zako sizioni mpaka nishakufikia. Nikazunguka nyuma kuangalia, balbu zote mbili zawaka. Hazikuwa zimeungua, zilikuwa zimechoka tu, holda zina kutu na ile rangi ya fedha ya ndani ishakuwa kijivu. Tangu siku ile nshabadilisha taa kwenye gari nyingi za zamani, zangu na za wateja, na karibu kila anayeniletea gari baada ya kujaribu mwenyewe nyumbani amekwama mahali pale pale: amenunua balbu, amezichomeka, indiketa zimegoma au zapiga zote nne kwa pamoja, sasa adhani balbu ni feki. Mara nyingi balbu ni nzima. Balbu ni kazi ya dakika kumi, kazi yenyewe ni ethi, yaani njia ya umeme kurudi betri kupitia bodi ya gari, flasha, yaani kile kifaa kinachopigisha indiketa, na ile taa ndogo ya kijani kwenye dashibodi.

Kwanza faida yake, maana kuna watu hufanya kwa sababu ya urembo tu na mimi sifanyi kwa urembo. Balbu ya kawaida ya breki ni wati 21, yala kama ampea 1.75, kwa hivyo breki mbili ni ampea 3 na nusu zinazopita kwenye swichi ndogo ya pedali iliyo na miaka arobaini na zaidi. LED ya kazi hiyo hiyo yala kama robo ampea. Swichi yapumua, waya zapumua. Halafu ile nyuzi ya ndani ya balbu lazima ipate moto kwanza ndio iwake vizuri, yachukua kama sehemu 2 kwa 10 za sekunde, LED yawaka hapo hapo. Ukiwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa huo muda ni mita 4 na kitu, yaani urefu wa gari ndogo nzima. Kwenye barabara ya Nairobi usiku, na lori nyuma yako, hizo mita nne nazitaka.

Sasa kabla hujatoa pesa, toa balbu za zamani uende nazo dukani mkononi, usiende na jina la gari peke yake. Balbu yenye kazi mbili, paking na breki, huandikwa P21/5W au 1157 na pini zake mbili za ubavuni haziko kimo kimoja. Ya kazi moja ni P21W au 1156, pini zake zatazamana sawa. Kuna PY21W ya rangi ya machungwa ambayo pini zake zimepinda kidogo upande, hiyo haiingii kwenye holda ya P21W na usiilazimishe na plaisi, nishaona holda zilizopasuliwa namna hiyo.

Rangi ndio watu wengi hukosea. Ukiwa na kioo chekundu nunua LED nyekundu, kioo cha machungwa nunua LED ya machungwa. Wengi huchukua nyeupe wakidhani yang'aa zaidi na kioo kitaipa rangi, lakini LED nyeupe kwa asili yake ni taa ya bluu iliyopakwa dawa ya manjano juu, nyekundu ndani yake ni kidogo, na kioo chekundu chapitisha nyekundu peke yake, kwa hivyo mwanga mwingi waishia ndani ya kioo na nje unapata breki ya rangi ya waridi iliyofifia. Nyekundu yote yapita. Na uchague balbu yenye vidoa vya LED mpaka ubavuni, sio mbele tu, kwa sababu taa za zamani zilitengenezwa mwanga upige ile bakuli ya fedha kwanza ndio utoke nje. Ukiweka inayotupa mwanga mbele tu utaona kidoti kimoja kikali katikati na pembeni giza.

Vitu viwili vyataka uangalifu kwa gari za zamani zaidi. VW Beetle nyingi za mpaka katikati ya miaka ya 60 ni volti 6, LED ya volti 12 haitakufaa. Na gari za Kiingereza kama Morris Minor, nyingi zilitoka na pozitivu ya betri ndio imefungwa kwenye bodi, na LED ina mbele na nyuma yake, umeme ukija kinyume haiwaki. Kuna LED zisizojali upande, uliza hizo. Angalia betri yako waya uliofungwa kwenye bodi ni wa upande gani kabla ya chochote.

Haya, kazi. Chomoa terminali ya betri ya upande wa ethi. Piga picha za simu kila kitu kabla hujakigusa, mbele na nyuma ya holda, maana rangi za waya baada ya miaka yote hii zote zimekuwa kahawia na hutakumbuka.

Hatua ya kwanza ni ethi, na hapa nataka ukae sana, hasa ikiwa gari yaishi pwani. Hewa yetu ina chumvi, gari yavuka Likoni kila siku, usiku yalala nje Mkomani au Nyali na upepo wa bahari wapiga, mahali popote pa chuma kukutana na chuma pataota kutu hata kama rangi ya nje bado yang'aa. Holda nyingi za zamani hupata ethi kupitia skrubu inayoshika taa kwenye bodi. Hiyo skrubu ikiota kutu umeme hukosa njia ya kurudi betri, na umeme ukikosa njia hutafuta nyingine, hupitia kwenye balbu ya jirani. Ndio ile unaona mtu akikanyaga breki indiketa nazo zafifia, au paking zawaka kidogo. Kwa balbu ya zamani hilo lilikuwa jambo dogo kwa sababu ule umeme mchache mara nyingi haukutosha kuipasha moto. LED yatosheka na umeme mchache sana, kwa hivyo kosa ulilokuwa nalo miaka kumi bila kujua sasa litaonekana kama taa imeingia wazimu. Fungua skrubu, piga msasa mpaka uone chuma cheupe pande zote mbili, piga msasa ndani ya holda na ile ncha ya chini yenye springi, pangusa, paka grisi au vaselini kidogo kuzuia hewa. Kisha fanya hivi hata kama wadhani ethi imekuwa nzuri: vuta waya mpya mweusi kutoka kila holda mpaka boliti moja safi kwenye bodi ndani ya buti. Ni waya wa mita moja na nusu na pete mbili. Katika gari zangu zote za pwani sijawahi kujuta kuuweka.

Ukimaliza rudisha balbu ZA ZAMANI, unga betri, na ujaribu kila kitu. Kila taa iwake peke yake bila kumwamsha jirani. Usiende mbele mpaka hapo pawe sawa.

Hatua ya pili, flasha, na bado balbu ni zile za zamani. Flasha ya asili ndani yake ina kipande cha chuma kinachopata moto kutokana na umeme wa balbu, kikipata moto chajikunja chakata umeme, kikipoa charudi, ndio ile tik-tak. Ukiweka LED umeme ni mdogo, chuma hakipati moto, indiketa yawaka yatulia pale pale haipigi. Na zile flasha za kielektroniki zilizokuja baadaye huona umeme umepungua zikadhani balbu imeungua, basi hupiga mbio mbio. Dawa ni flasha ya kielektroniki iliyotengenezwa kwa LED, ambayo yenyewe hupiga kwa saa yake bila kujali mzigo, na hizi hufanya kazi hata na balbu za kawaida, ndio maana naiweka kwanza, ili kikiharibika kitu ujue ni wapi.

Angalia miguu yake vizuri. Mguu wa kuingiza umeme huandikwa B, X, + au 49. Wa kwenda kwenye swichi ya indiketa ni L au 49a. Flasha ya LED nyingi huwa na mguu wa tatu, E au 31, huu ni ethi. Sasa mtego ni hapa: flasha ya zamani nayo yaweza kuwa na miguu mitatu lakini wa tatu ukawa P au C, ambao ni wa taa ya dashibodi, sio ethi. Ukichomeka mpya mahali pa ya zamani bila kusoma, huo mguu wa ethi waenda kwenye taa ya dashibodi na mambo yataenda ovyo. Na mpangilio wa miguu wabadilika kati ya gari za Kijapani na za Ulaya hata umbo likifanana. Soma herufi, usitazame umbo. Waya wa ethi wa flasha upeleke kwenye boliti safi chini ya dashibodi.

Nunua yenye mlio. Nyingi ziko kimya, na mtu aliyezoea tik-tak husahau indiketa imewaka kutoka Buxton mpaka Bamburi, anayemfuata hajui akate wapi.

Wengine watakwambia acha flasha ya zamani uweke resista, kile kipande kinachokula umeme mahali pa balbu, ile ya ohmu 6 wati 50, moja kila upande. Yafanya kazi, siwezi kusema uongo. Lakini resista ile kila indiketa ikiwaka yala kama wati 27 za moto mtupu, yaunguza kidole na yayeyusha plastiki, na ule umeme uliokuwa wauokoa umeurudisha pale pale. Mimi siweki. Ukilazimika, ifunge kwenye chuma cha bodi, mbali na zulia na waya, na iungwe kwenye waya wa indiketa tu, sio wa breki wala wa paking.

Hatua ya tatu ndio inayotesa watu. Gari nyingi za zamani zina taa moja tu ya kijani kwenye dashibodi kwa kulia na kushoto. Katika nyingi ya hizo ile balbu ndogo haina ethi yake, imeshikwa upande mmoja na waya wa kulia na upande wa pili na waya wa kushoto, ukiwasha kulia umeme wapita ndani yake ukapate ethi kupitia balbu za kushoto. Balbu za kawaida za kushoto hazihisi kitu. LED zahisi! Basi ukiwasha kulia gari yote yapiga kama hazadi, zile indiketa nne za dharura. Niliwahi kuletewa gari ambayo mwenyewe alikuwa ashabadilisha flasha mara tatu kwa shida hii.

Dawa ni daiodi mbili za 1N4007, vipande vidogo vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, duka lolote la elektroniki wanazo na ni za bei ndogo kabisa. Kata waya zote mbili za ile taa ya kijani. Waya wa kulia uunge kwenye daiodi ya kwanza upande usio na mstari wa fedha, wa kushoto uunge kwenye ya pili vivyo hivyo. Pande mbili zenye mstari ziunge pamoja, hapo toa waya mmoja uende kwenye balbu ya kijani, na upande wa pili wa balbu upeleke ethi. Piga lehemu, usisokote tu, kisha funika na mpira wa kubana kwa moto. Hii ni ya gari yenye ethi ya negativu, ikiwa ya kwako ni pozitivu geuza daiodi zote mbili.

Sasa ndio balbu. Chomeka moja moja, na kila moja uijaribu kabla ya kufunga kioo. Isipowaka, itoe uichomeke tena vizuri, ikikataa rudi kwenye ethi. Ile ya paking na breki hakikisha breki yaonekana kali kuliko paking kwa mbali kabisa, sio kwa kubahatisha, maana kuna LED za bei rahisi ambazo hazina tofauti na hiyo ni hatari kuliko balbu ya zamani iliyofifia. Ikiwa paking ndio kali na breki hafifu, ncha mbili za chini zimepishana, holda imelegea. Mbele badilisha pia indiketa, lakini taa kubwa za mbele ziache, bakuli na kioo vyake vilitengenezwa kwa balbu ya nyuzi, ukiweka LED mwanga watawanyika wawapofusha wanaokuja.

Gaskiti za raba chini ya vioo badilisha kama zimekauka, wakati wa kusi mvua hupigwa na upepo ikaingia kwa pembeni.

Kujaribu mwisho fanya mara mbili. Usiku rudi kinyumenyume karibu na ukuta, washa paking, kanyaga breki, washa indiketa, weka rivasi, yote kwa wakati mmoja, uone kama kuna inayovuruga mwenzake. Halafu saa sita mchana, jua la Mombasa likiwa utosini, mwambie mtu akanyage breki wewe usimame hatua thelathini nyuma. Hesabu pia mapigo ya indiketa kwa dakika moja, yawe kati ya 60 na 120, hicho ndicho kipimo kinachofuatwa nchi nyingi.

Flasha ya zamani na balbu mbili za zamani nzima zifunge kwenye kitambaa uziweke ndani ya boksi la dashibodi. Ukipata shida Mackinnon Road saa nane za usiku, huko hutapata LED ya kununua.