Kuipanga Nyumba Kabla ya Kusi: Mwongozo kwa Familia za Visiwa vya Lamu

Kuanzia Aprili hadi Septemba bahari yetu huwa chini ya upepo wa Kusi, na nguvu za upepo huo huzidi kati ya Juni na Agosti. Ni msimu unaopendwa na kulalamikiwa na watu walewale. Joto la Machi huondoka, mabirika hujaa maji ya mvua, na mabaharia hulala nyumbani kwao. Lakini samaki huadimika, boti huahirishwa, mgonjwa wa Kizingitini huchelewa kumfikia daktari, na sherehe iliyopangwa kwa mwaka mzima husimama gatini ikingoja mawimbi yatulie. Mwongozo huu unahusu namna ya kuyapokea yote mawili bila nyumba kuvurugika. Imani yangu ni kwamba sehemu kubwa ya taabu za Kusi hutokana na ahadi ambazo familia hujiwekea mwishoni mwa Kaskazi, maji yakiwa shwari, pasipo mtu kuuliza ahadi hiyo itaangukia mwezi gani.

Kalenda ya Machi

Kabla masika hayajashika, wazazi, wakubwa wa ukoo na yeyote mwenye chombo wakae pamoja na waandike kila safari ya baharini ambayo familia inatarajia kuifanya hadi mwisho wa Septemba. Safari inayobaki kichwani mwa mtu mmoja ndiyo inayokuja kuwashtua wenzake siku ya mawimbi, mwenyewe akisisitiza kwamba lazima aende na wengine wakiwa hawana habari. Orodha ikishakamilika, yatengwe mambo yanayoweza kufanywa mapema, yanayoweza kungoja, na yale yasiyo na hiari.

Harusi ijadiliwe mwanzo, kwa sababu ndiyo inayovusha watu wengi kwa siku moja, wakiwemo wazee na watoto wachanga. Sisi hupanga harusi kwa miezi ya Kiislamu, na miezi hiyo hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka wa jua. Kwa hiyo mwezi ambao kaka mkubwa alioa Desemba, bahari ikipitika, utakuwa umefika Agosti baada ya miaka 11 hivi, zamu ya mdogo wake itakapowadia. Familia inayosema "sisi huoza mwezi huu tangu zamani" inasema kweli, lakini haina budi kutazama pia mwezi huo umeangukia upepo gani. Pande mbili zikiwa zinatoka visiwa tofauti, tuseme Siyu na Shela, ni bora nikaha ifungwe kwa watu wachache na karamu ingoje demani, pepo zitakapolegea, kuliko kuwakusanya watu 60 katika vyombo vitatu siku ambayo nahodha mwenyewe anaitazama bahari kwa wasiwasi.

Mjamzito anayeishi Kiwayu, Ndau au upande wa mashariki wa kisiwa cha Pate, na anayetarajia kujifungua kati ya Juni na Agosti, ahamie mapema kwa jamaa walio karibu na hospitali, iwe ya Faza au ile ya King Fahd mjini Lamu. Mapema hapa ni wiki nne kabla ya tarehe aliyopewa kliniki, au zaidi ya hapo iwapo uzazi uliotangulia ulikuwa na matatizo. Najua kwamba mama wengi hawapendi kujifungulia mbali na nyumba yao, na kwamba mume aliyeachwa na watoto wadogo hupata shida. Hata hivyo katika jambo hili sioni nafasi ya kusitasita, kwa maana uchungu hausubiri maji kujaa. Wenye kisukari na shinikizo la damu nao wawe na dawa za kutosha mwezi mmoja wakati wote wa msimu, na waende kuchukua nyingine zikiwa zimebaki za wiki mbili.

Wanafunzi wa bweni hufunga muhula wa pili mwanzoni mwa Agosti, wakati Kusi ingali kali. Mzazi azungumze tangu mwanzo na jamaa wa mjini Lamu au Mokowe ili mtoto apate pa kulala siku mbili tatu iwapo hakuna chombo kitakachoondoka, na mtoto mwenyewe aambiwe hivyo waziwazi, asije akaingia katika boti yoyote kwa kuogopa kulala gatini.

Ghala la chakula na fedha

Mwezi wa Machi samaki huwa wengi na bei hushuka, na jua bado lipo la kuwakausha. Anayetaka kuweka ng'onda ampasue samaki mgongoni, amtoe matumbo na matamvua, amsafishe vizuri, kisha amkate mikato ya kina na kuipaka chumvi hadi ndani. Samaki alale usiku mmoja na chumvi yake, asubuhi aanikwe juu ya uchaga ulioinuka kutoka chini, na kila jioni arudishwe ndani kabla umande haujamfikia, kwa siku kadhaa hadi nyama iwe ngumu pote. Kazi hii imalizike kabla ya mvua, kwa kuwa Mei ndiyo mwezi wa mvua nyingi zaidi kwetu na samaki ambaye hajakauka sawasawa huota ukungu. Wakati wa kupika, ng'onda arowekwe na maji yamwagwe mara mbili, hasa ikiwa nyumbani yupo mzee mwenye shinikizo la damu. Mzee huyo ni heri apikiwe kunde au mbaazi za nazi siku nyingi kuliko kuzoeshwa kitoweo cha chumvi msimu mzima. Uduvi mkavu nao hukaa muda mrefu na haupotezi ladha.

Haifai kudhani kwamba bahari hufungwa kabisa. Ndani ya mwamba na katika vijito vya mikoko uvuvi huendelea, kaa hupatikana, na maji yakipwa sana wakati wa bamvua pweza hutafutwa kwa miguu. Kinachokatika ni safari za nje, na ndizo zenye fedha. Kwa hiyo mvuvi wa kambakoche au wa nguru aweke kando sehemu ya kila mauzo tangu Desemba, na sehemu hiyo ishikwe na mtu mwingine, aghalabu mkewe au mweka hazina wa chama, kwa sababu fedha inayokaa mfukoni mwa mwenye chombo humalizwa na nyavu na injini. Duka la mtaa litaendelea kukopesha, na hilo ni jambo jema, ila kiwango cha juu cha deni kitajwe mapema baina ya mume na mke, kila mmoja akijua.

Siku ya kusafiri

Ikiwa safari haina hiari, yako mambo matatu ya kutazama: upepo, mwezi na njia. Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya hutoa tahadhari pepo kali na mawimbi ya zaidi ya mita 2 yanapotarajiwa katika pwani yetu. Tahadhari hiyo ikiwa imetoka, mazungumzo ya safari yasimame hadi iishe. Hata siku ya kawaida, upepo huwa mpole alfajiri na huongezeka baada ya adhuhuri, kwa sababu upepo wa mchana utokao baharini huongeza nguvu juu ya Kusi yenyewe. Safari ya saa tisa alasiri mwezi wa Julai ni ya kuahirishwa hadi kesho yake asubuhi, hata kama nauli imeshalipwa.

Njia ya Mkanda, baina ya kisiwa cha Manda na bara, imekingwa na mikoko na ndiyo salama zaidi kwa waendao Pate, lakini ina kina kifupi na boti iliyopakia huhitaji maji yaliyojaa. Katika bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa karibu na saa kumi au kumi na moja, alfajiri na jioni, na kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi. Kwa hesabu hiyo, kuanzia siku ya tatu hadi ya tano tangu mwezi kuandama, na tena baada ya siku ya kumi na saba, maji hujaa asubuhi baada ya jua kuchomoza, upepo ukiwa bado haujapanda. Hizo ndizo siku za kumvusha mzee, mgonjwa au mtoto mchanga, na nahodha atathibitisha saa yenyewe. Isisahauliwe kwamba ukishatoka Mkanda bado kuna ghuba ya Manda ya kuvuka kabla ya kufika Mtangawanda, na huko mawimbi yapo; wanaoketi mbele wafunikwe kwa turubai na nguo za kubadilisha ziwekwe ndani ya plastiki.

Mlango wa bahari pale Shela unahitaji hadhari ya namna yake. Maji yanapotoka kwa kasi kuelekea nje na Kusi ikavuma kuingia ndani, mawimbi huwa mafupi, yaliyosimama na yenye nguvu, na chombo kidogo hulemewa hata kama dakika chache nyuma bahari ilionekana ya kawaida. Asiyelazimika kupita hapo asubiri maji yageuke.

Jaketi okozi zivaliwe na kufungwa kabla ya kung'oa nanga, na za watoto ziwe za watoto, kwani jaketi ya mtu mzima humvuka mtoto kichwani akiwa majini. Jina la nahodha, idadi ya abiria na saa ya kuondoka zipelekwe kwa simu kwa anayewangoja ng'ambo. Nahodha akisema leo hapana, neno lake liheshimiwe na asishawishiwe kwa nauli zaidi. Na ikiwa yeye ndiye mwenye pupa na abiria ndiye mwenye hofu, abiria ashuke, hata awe binti mdogo mbele ya wajomba zake, na familia imwunge mkono.

Baba anapokaa nyumbani

Hapa ndipo moyo hugawanyika zaidi. Mke hushukuru kwamba usiku wa upepo mumewe yuko ndani ya chandarua, na wakati huohuo huhesabu unga uliobaki. Mume hufurahia watoto wake ambao wakati wa Kaskazi huwaona wamelala tu, na wakati huohuo huona haya kuketi barazani siku ya tano bila kuleta kitu. Hisia hizi zikinyamaziwa hutoka kwa mlango mwingine: ukali kwa watoto, maneno juu ya chumvi ya mchuzi, au safari ya ghafla isiyo na busara. Kwa sababu hiyo nasisitiza jambo moja kuliko mengine yote: asiulizwe kila asubuhi "utatoka lini?" Swali hilo likirudiwa na mke, mama mkwe na mwenye duka, humsukuma mtu baharini siku ambayo akili yake mwenyewe imemkataza.

Badala yake iwekwe jioni moja kwa wiki, baada ya sala ya isha watoto wakiwa wamelala, ambapo mume na mke watazame pamoja kilichopo, kilichokopwa na kinachohitajika hadi wiki ijayo. Jioni hiyo ndiyo ya kusema ukweli wa fedha. Siku nyingine mazungumzo hayo yapumzishwe.

Kazi nayo ipo. Huu ndio wakati wa kupandisha chombo pwani, kukikwangua, kukikalafati, yaani kuziba nyufa zake, kwa pamba, kukipaka sifa (mafuta ya papa) juu na deheni (chokaa iliyochanganywa na mafuta) chini, na kushona nyavu. Watoto wakubwa, wavulana kwa wasichana, wapewe sehemu yao katika kazi hizo, maana ndipo watakapojifunza majina ya mbao, ya mafundo na ya pepo kutoka kwa baba ambaye miezi mingine hawana nafasi naye. Nyumbani pia baba achukue jukumu moja linalojulikana kuwa lake, kama vile kuwasikiliza watoto Kurani baada ya magharibi au kuteka maji, na mama amwachie alifanye kwa namna yake. Mama aliyeiendesha nyumba peke yake kwa miezi mingi ana haki ya kutoona utaratibu wake ukipinduliwa kwa wiki moja. Baba aulize kabla ya kubadilisha.

Yaliyobaki ni mafupi. Makuti yaliyochoka yabadilishwe Machi, na katika siku za upepo moto wa kuni usiachwe bila mtu, kwa kuwa cheche moja huruka paa hadi paa. Baada ya mvua vyombo vyote vyenye maji yaliyosimama vimwagwe, na birika lisilo na visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu litiwe. Watoto wasioge gatini maji yanapotoka.

Mwishoni mwa Agosti upepo huanza kulegea, lakini hulegea kwa siku mbili na kurudi kwa tatu, na safari za nje zisianze kwa kuhesabu tarehe peke yake. Safari ya kwanza iwe fupi, ya kujaribu injini na mishono mipya, wala asichukuliwe mtoto. Mauzo ya mwanzo yalipe duka kabla ya kununua nyavu nyingine, ili mwenye duka akubali kufungua daftari Juni ijayo.